Nilimsahihisha mwanangu kando ya jeneza la mama yake, na miaka minne baadaye nikapelekwa kwa kocha

Wakuu, nawasalimu nyote, walio wa rika langu na walio wa rika la wajukuu wangu.

Mimi ni msomaji wa kimya wa jukwaa hili. Nimesoma nyuzi zenu nyingi zinazoanza na "nimesikia kutoka kwa mtu wa kuaminika", na kila mara nimezifunga kabla ya aya ya pili.

Kwa hiyo nitakayoyaandika hapa ni yale niliyoyaona kwa macho yangu, niliyoyasema kwa kinywa changu, au niliyoambiwa ana kwa ana na mhusika. Pale ambapo sina hakika, nitasema sina hakika. Majina nimeyabadilisha. Aibu nimeiacha ilivyo.

Nina umri wa miaka sabini na moja. Naishi Matisi, hapa Kitale, katika nyumba niliyoijenga mwenyewe, ingawa kwetu asili ni Malakisi, upande wa Bungoma. Nilifundisha, kisha nikawa mkaguzi wa shule hadi nilipostaafu.

Kama ulisoma pande hizi na ukawahi kumwona mwalimu mkuu akikimbia kutafuta tai yake, huenda ni mimi niliyekuwa nikishuka kwenye gari.

Mkaguzi hastaafu. Hunyang'anywa gari tu.

Nije kwenye jambo lenyewe.

Miaka minne iliyopita nilimzika mke wangu, Mama Nekesa. Tulimzika Malakisi. Mnazijua hafla zetu: mahema, vipaza sauti vinavyopiga mluzi, mwanasiasa anayemlilia marehemu asiyemjua, mchungaji anayeahidi dakika kumi na kutumia saa moja na nusu.

Yote hayo niliyavumilia.

Kisha mwanangu Wafula akasimama kusoma wasifu wa mama yake. Sentensi ya pili ilisema, "Mama yetu alizaliwa Ndalu."

Kitambulisho chake kilisema Malakisi. Cheti chetu cha ndoa kilisema Malakisi. Fomu za hospitali na za bima nilizijaza mimi mwenyewe, na kote niliandika Malakisi.

Niliinuka. Nilikwenda hadi aliposimama, kando ya jeneza, nikakitwaa kipaza sauti mkononi mwake, nikasema: "Kwa ajili ya kumbukumbu sahihi, marehemu alizaliwa Malakisi. Aliyeandaa taarifa hii hakufanya utafiti."

Nikamrudishia aendelee.

Hakuendelea. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaenda kuketi nyuma kabisa ya hema. MC, kijana aliyevaa miwani ya jua ndani ya hema, akasema, "Makofi kwa Mwalimu!" Na kuna watu waliopiga.

Tangu siku hiyo Wafula hakukanyaga kwangu, wala hakupokea simu yangu. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma, ana karakana yake Bungoma mjini. Kutoka Kitale si mbali, lakini kwa miaka minne ingeweza kuwa ng'ambo ya bahari.

Nami, wakuu, kwa miaka hiyo yote niliamini kwamba kosa lilikuwa lake. Mtu akisahihishwa hununa. Nililiona hilo katika kila shule niliyoikagua.

Binti yangu Nekesa, ambaye ni muuguzi Eldoret, ndiye aliyekuwa akija kuniona. Siku moja alifika akakuta msaidizi wa nyumbani wa nne ameondoka.

"Baba, huyu naye ameenda kwa nini?"

"Hakuweza kupokea maoni."

"Maoni gani?"

"Nilimwandikia ripoti fupi kuhusu ugali."

"Ripoti? Ya ugali?"

"Kurasa mbili tu."

Alicheka hadi akashika meza. Kisha kicheko kikakatika, nikaona anafuta macho kwa namna ambayo si ya kucheka.

"Baba, shida si ati watu hawakupendi. Wewe mwenyewe hujipendi. Sasa wengine wataanzia wapi? Nimekutafutia kocha."

"Kocha wa nini? Mimi sichezi mpira."

"Kocha wa maisha."

"Maisha yangu yako dakika za majeruhi. Atanifundisha nini, kupiga penalti?"

"Enda mara sita tu. Ukikataa, mimi pia nitakuwa nakupigia simu Krismasi peke yake."

Mtoto huyo nilimlea mimi. Anapotoa tishio, hulitekeleza. Nilikuwa nimekwisha kumpoteza mmoja. Nikahesabu waliosalia, nikapata mmoja.

Nikaenda.

Ofisi ya kocha iko ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Unapanda ngazi ukinusa dawa ya kupe, unafika juu ukiwa umetakasika. Kocha mwenyewe ni Wambui, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa hapahapa Trans-Nzoia. Babu zake walihamia kutoka sehemu za kati wakanunua shamba.

Nilidai kuona cheti chake. Akanipa. Nilikisoma chote, pamoja na maandishi madogo ya chini. Alisubiri bila kukunja uso.

"Umeridhika, Mwalimu?"

"Sahihi imepigwa chapa. Haikuandikwa kwa mkono."

"Lakini mimi niko live," akasema. "Tuanze. Sasa hivi unajisikiaje?"

"Nimeketi."

"Hiyo ni vile mwili uko. Nimeuliza unajisikiaje."

"Nimekupa jibu ambalo nina ushahidi nalo."

Alitabasamu na hakuandika chochote. Jambo hilo lilinikera kwa siku tatu. Mtu asiyeandika ni mtu atakayekunukuu vibaya kesho.

Kabla sijaondoka aliniuliza, "Mwalimu, mara ya mwisho ulikosea lini?"

Niliomba muda. Akanipa wiki nzima.

Hapa, wakuu, lazima nieleze jambo ambalo hata marehemu mke wangu alilijua nusu tu. Tangu nilipokuwa chuo cha ualimu, kila jioni nimekuwa nikijipa alama kwa siku iliyopita, juu ya mia moja, katika daftari. Kazi, mavazi, lugha, uamuzi. Alama ya juu kabisa niliyowahi kupata ni sitini na moja. Ilikuwa siku ya harusi yangu. Nyingine zilipotelea kwenye hotuba.

Niliyapekua madaftari hayo wiki nzima nikitafuta kosa la karibuni. Nilipata makosa kila siku, lakini yote yalikuwa ya namna ya "nilichelewa dakika mbili" au "nilitumia neno lisilofaa". Kosa dhidi ya mtu, hakuna hata moja.

Nikabeba madaftari matatu nikampelekea kama ushahidi wa uadilifu.

Alifunua kurasa moja moja. Kisha akasema:

"Mwalimu, tuseme umeenda kukagua shule. Unapata mwalimu ambaye kuna mtoto mmoja kwa darasa amekuwa akimpa alama kama hizi kila siku, miaka na miaka. Mtoto anakuja shule kila siku, hachelewi, anajaribu. Na hajawahi kuambiwa ati umefanya vizuri. Utaandika nini kwa ripoti?"

Jibu lilinitoka kabla sijalikagua. "Ningependekeza mwalimu huyo ahamishwe."

"Aende wapi?"

Huko chini muuzaji alikuwa akimweleza mteja kipimo cha dawa ya minyoo ya mbuzi, nami nilikisikiliza chote kwa makini makubwa, kwa sababu nilihitaji kitu cha kusikiliza.

Msinicheke. Au chekeni, ni haki yenu.

Baada ya hapo kila kikao kilianza na zoezi moja: nikae dakika kumi bila kutathmini kitu chochote. Kikao cha kwanza cha zoezi hilo, niliikagua dari yake ndani ya dakika moja na kukuta imevuja pembeni. Wambui aliniambia niendelee. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kunichosha jinsi nilivyojichosha mwenyewe katika zile dakika kumi.

Kikao cha tatu akanipa kazi ya nyumbani. "Tafuta watu wawili waliokujua kabla hujaitwa Mwalimu. Waulize swali moja tu: mimi nikiingia, wewe unajisikiaje? Wakijibu, usibishane."

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo Wambui, kwa kuwa si Mbukusu, asingeweza kuliona, na mimi, kwa kuwa ni Mbukusu, sikuwa na udhuru wa kutoliona. Nitalieleza likifika.

Nilitengeneza fomu. Nilichapishiwa pale mjini: Fomu ya Tathmini ya Hisia, Sehemu A, Sehemu B, nafasi ya nambari ya kitambulisho, nafasi ya sahihi au alama ya kidole. Sijui kuuliza swali bila fomu. Kila mtu na kilema chake.

Nikaanzia Malakisi kwa mdogo wangu Simiyu, mkulima wa tumbaku. Nilimkuta kwenye banda la kukaushia, anatundika majani.

"Mwalimu! Nani amekufa?"

Ndivyo anavyonisalimu. Hata ndugu wa tumbo moja huniita Mwalimu, na sijawahi kufika kwake bila msiba.

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja na swali."

"Hiyo sasa ndiyo mbaya zaidi."

Nilimpa fomu. Aliishika kwa ncha za vidole asiichafue, akaigeuza huku na huku. "Bana, si niseme tu na mdomo?"

Nilikubali, nikatoa kalamu. Akafikiri.

"Wewe ukiingia, mimi najipata nimeficha mikono."

Nilitaka kuuliza kwa nini. Nikakumbuka sharti, nikanyamaza.

"Sijui ni nini. Kama mtu ameiba. Na hii ni boma yangu! Hata chifu simwogopi. Lakini ukitokea tu pale kwa migomba, mimi niko darasa la tatu na sijafanya hesabu."

Alicheka. Nami niliandika maneno yake yote.

Nilipoinuka kuondoka alinisindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Sasa niambie ukweli, ndugu yangu. Daktari amesema nini?"

"Daktari gani?"

"Basi, tuache," akasema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Sikuelewa. Nilidhani ni fomu iliyomgusa.

Kutoka Malakisi nikaenda Ndalu, kwa shemeji yangu Nanjala, dada mkubwa wa marehemu mke wangu. Ni mama aliyezidi miaka sabini na mitano, na akili yake inakata kama panga jipya. Alikuwa ameanika mahindi kwenye turubai, anawafukuza kuku kwa fimbo.

"Mulamwa," akaniita, kwa neno letu la shemeji, "leo jua limetokea wapi?"

Nilimpa fomu. Hakuipokea.

"Mimi sitii kidole kwa karatasi. Karatasi ilikula shamba ya mjomba wangu. Uliza na mdomo."

Nikauliza kwa mdomo. Hakufikiri hata kidogo.

"Nikikuona, naona ule mtoto akikunja karatasi yake. Na alikuwa amesema ukweli."

"Shemeji, kitambulisho cha marehemu kilisema Malakisi."

"Kwani ID ndiyo ilimzaa?"

Wakuu, nimebishana na maprofesa. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Akanielekeza kwa fimbo. "Unaona pale posho mill? Hapo kulikuwa na nyumba ya wafanyakazi wa mzungu. Baba yetu alikuwa anakamua ng'ombe zake. Mama alishikwa na uchungu asubuhi, mimi nikatumwa maji mtoni. Nilikuwa msichana wa miaka saba hivi, ama nane. Nikirudi, nasikia mtoto analia. Huyo ndiye bibi yako. Mgongo ilimbeba ni hii. Tulirudi Malakisi akiwa tayari anatembea."

"Na kitambulisho?"

"Karani alimuuliza, baba yako ni wa wapi? Akasema Malakisi. Karani akaandika. Sasa msichana angebishana na karani?"

Nilisimama palepale kwenye jua. Kwa maana, wakuu, nimejaza fomu za namna hiyo maisha yangu yote. Mahali palipoandikwa "mahali pa kuzaliwa", mimi nami sikuwahi kumwuliza mtu amezaliwa wapi. Niliuliza, "Kwenu ni wapi?" na nikaandika jibu. Sote pande hizi hufanya hivyo. Hatuzaliwi tulipozaliwa, tunazaliwa kwa baba.

"Mbona hakuwahi kuniambia?" nikauliza.

"Alikuambia. Ukamwonyesha ID yake."

Niliahidi kusema pale nisipokuwa na hakika. Hilo silikumbuki. Lakini linafanana nami sana.

Nisieleweke vibaya, mimi bado si rafiki wa uvumi. Lakini pimeni wenyewe. Mwanamke aliyekwenda mtoni na kurudi akamkuta mtoto ni shahidi wa kuona. Karani aliyekaa ofisini hakuona chochote, aliandika alichosikia. Hati yangu, niliyoinyanyua juu ya jeneza, ilikuwa uvumi uliopigwa muhuri.

Jioni hiyo nilijipa sifuri. Ilikuwa mara ya kwanza.

Wambui alipoiona hiyo sifuri alininyang'anya kalamu, akaiweka kwenye droo yake, na hadi leo sijarudishiwa. "Sifuri pia ni njia ya kujipiga," akasema. "Wafula hahitaji ujipige. Sasa utafanya nini?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nikatoa barua yenye nambari ya kumbukumbu na kichwa kilichopigiwa mstari: Masahihisho ya Kauli Niliyoitoa Wakati wa Mazishi.

Aliisoma. Akajizuia. Akashindwa, akacheka wazi.

"Mwalimu, hapa chini umeandika nakala kwa faili. Faili ya nani?"

"Yangu."

"Enda Bungoma. Mikono mitupu. Bila karatasi."

"Nitasema nini?"

"Sijui. Na wewe pia usijue."

Nilimwambia huo ni uzembe wa kitaaluma. Akaniambia kikao kimekwisha.

Nikaenda Bungoma. Nikaikuta karakana yake kando ya barabara, cheche zikiruka, wateja wawili wakisubiri kwenye benchi. Wafula alikuwa ameinamia fremu ya dirisha, amevaa kinga usoni.

Sasa sikilizeni maneno ya kwanza ambayo baba alimwambia mwanawe baada ya miaka minne.

"Hicho kidirisha kimekwenda upande."

Ndiyo. Yalinitoka. Vikao vinne vya kocha, wakuu.

Wafula aliinua kinga. Nilitarajia uso wa hasira. Badala yake aliweka chombo chini upesi, akaja, akanishika kiwiko kama anavyoshikwa mtu anayetoka wodini. Alifuta kiti kwa shati lake mwenyewe. Alivuka barabara akarudi na soda, akaifungua.

"Kunywa polepole, Baba."

Nikanywa. Ni kama sikumtambua. Alikuwa amepata mvi mbili tatu juu ya masikio, na hakuna aliyekuwa ameniambia.

Akachuchumaa mbele yangu, akapunguza sauti. "Ankol Simiyu alitupigia wote. Ugonjwa ni ya tumbo ama ya koo?"

Ndipo nikaelewa.

Kwetu, mzee anayezunguka kwa ndugu akiwauliza wanajisikiaje juu yake ni mzee aliyekwisha kuambiwa siku zake. Anasafisha njia. Kila Mbukusu anajua hilo. Mimi, kwa fomu yangu yenye Sehemu A na Sehemu B, nilikuwa nimejitangazia kifo. Baadaye niliambiwa na Nekesa kwamba kamati ya mazishi ilikuwa imekwisha kuanza kuundwa, na kwamba palikuwa na ubishi kuhusu mwenyekiti.

Sasa nawaambia ukweli ambao hakuna anayeupenda. Mimi ninayeuchukia uvumi niliuacha ule uvumi usimame. Niliuacha kwa muda wa nusu chupa ya soda. Mwanangu alikuwa amenishika goti. Hajawahi kunishika goti tangu alipoanza shule. Niliona kabisa kwamba nikinyamaza, nitampata kwa bei rahisi, hata kama ni kwa miezi michache, hadi atakapoona sifi.

Niliweka chupa chini.

"Wafula, mimi siumwi."

"Baba, usifiche."

"Sifichi. Nina presha, na hiyo nimekuwa nayo tangu ukiwa shule ya upili."

"Kwa hivyo hufi?"

"Sifi."

Mkono ukaondoka gotini. Akasimama. Niliona uso wake ukijifunga, kama duka.

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Nilisimama pia. Kosa nililifanya mbele ya watu, na hapo palikuwa na watu: wale wateja wawili, na mama wa njugu kando ya mlango. Nikasema kwa sauti waisikie wote:

"Mama yako alizaliwa Ndalu. Wewe ulisema kweli, na mimi nilikosea."

Mama wa njugu akasema, "Pole, mzee," ingawa sidhani alielewa.

Wafula hakushtuka. "Nilijua. Mum aliniambia yeye mwenyewe."

"Sasa nami nimethibitisha. Nimehoji shahidi aliyekuwapo, na—"

"Baba."

Nikakatika.

"Hata kama ningekuwa nimekosea. Hata kama ningesema Mum alizaliwa Japani. Si ungeniacha tu nimalize?"

Nilikuwa na majibu matatu, na yote yalikuwa sahihi. Niliyaona yamejipanga kinywani kama wanafunzi kwenye gwaride.

Nilikaa. Sikutoa hata moja.

Sijui tulikaa muda gani, kwa sababu sikuangalia saa. Wateja walijifanya wanaangalia simu zao. Dari ya karakana ile sikuitazama. Hadi leo sijui ni ya bati au ya nini.

Hatimaye akaketi kwenye ncha ya fremu. "Zilikuwa kurasa mbili. Niliandika wiki yote."

"Sikuzisikia."

"Ndiyo. Hukuzisikia."

"Ningependa kuzisikia."

"Si leo."

"Sawa," nikasema.

Neno hilo nimelitumia maisha yangu yote, lakini sikumbuki kulitumia bila kuliongezea "lakini". Nikamaliza soda yangu, nikamuaga, nikarudi Kitale.

Wiki ya kwanza hakupiga simu. Ya pili hakupiga. Wambui aliniuliza kama najuta. Nikamwambia sijui, na akafurahi kana kwamba nimefaulu mtihani.

Jumamosi ya tatu nilisikia chuma kikitikiswa nje. Nikatoka. Wafula alikuwa amesimama upande wa barabara, hajaingia, anaitikisa gate yangu.

"Baba, ni nani alikutengenezea hii kitu?"

"Fundi mmoja wa hapa mjini. Nilimsimamia mwenyewe."

"Ulimsimamia."

"Kila siku."

"Bawaba aliziweka juu chini. Na huku kumeoza. Hii si gate, Baba, hii ni takataka."

Wakuu, tangu niijenge nyumba ile nimeifungua gate hiyo kwa kuiinua na bega, na kila mgeni nimemwambia ni nzito kwa sababu ni chuma bora. Niliinama nikatazama. Bawaba zilikuwa juu chini.

"Ni kweli," nikasema.

Alinitazama, akisubiri sentensi inayofuata. Haikuwapo. Akasubiri tena kidogo, kuhakikisha. Kisha akaenda kwenye pikapu yake, akachukua vifaa, akaingia.

Zile kurasa mbili bado hajanisomea. Sijamwuliza. Amekuja mara tatu tangu hapo, na mara ya mwisho alikula ugali nilioupika mimi, akasema ni mbichi katikati. Ulikuwa mbichi.

Kama mnataka funzo, ni hili, na silitoi kama mtaalamu. Kwa miaka mingi nilidhani ninawasahihisha watu kwa sababu naupenda ukweli. Ukweli wenyewe ni kwamba sikuweza kukaa ndani ya nafsi yangu dakika kumi bila kutafuta nyufa, na nyumba za wengine zilinipa kazi ya kufanya. Kocha hakunigeuza mtu mwema. Alinionyesha kiti changu mwenyewe, akaniambia nikae. Bado ni kigumu. Lakini sasa naweza kukikalia hadi chai ipoe.

Na kwa wale mtakaosema kocha ni biashara ya watu waliokosa kazi, hilo nami nililisema, tena kwa Kiswahili kizuri kuliko chenu.

Waliowahi kupitia kwa makocha, tuambieni mlichokiona wenyewe. Ila hasa ningependa kuwasikia walio na mzazi wa aina yangu. Andikeni mtakavyo, kwa Sheng au bila vituo, na mkosee mtakapokosea.

Nitasoma hadi mwisho.